Uzi Mweusi wa Bwana Satini

Bellevue, Johannesburg
28 Septemba 2008

Kaka Melchior,

Nakusalimu wewe na wifi, Mama na miguu yake, Baba na cherehani yake, na mdogo wetu Diane na kiburi chake. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Alexis amepata lindo la usiku kwenye majengo ya Braamfontein, mchana analala kama popo, ndiyo maana haandiki, lakini anawasalimu. Simu yetu imeibiwa, kwa hiyo msihangaike kupiga. Yule Octave wa vitenge anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, na mara mbili tatu kwa mwaka anapanda basi kuja huko Bujumbura kufuata mzigo. Amekubali kuwa tarishi wetu.

Sasa nikupe habari za bustani yangu, maana nina bustani, usicheke. Nyumba tunayopanga imegawanywa vyumba kumi na kimoja, na chetu kiko nyuma, kinatazama uani. Pale pana mforosadi na nguzo ya chuma yenye sahani kubwa juu yake. Waliokaa hapa zamani walikuwa wakilisha ndege. Kazi hiyo nimeirithi mimi. Cherehani yangu iko dirishani na sahani iko umbali wa mkono tu, kwa hiyo nashona huku nikipokea wageni. Kila asubuhi naweka mtama, ukoko wa ugali na kipande cha papai, kama Baba anavyoweka juu ya ukuta pale Buyenzi.

Msimu wote wa baridi walikuwa tetere na shomoro tu, na kwarara, ambao huku wanaitwa hadida, wanapiga kelele kama wakwe walionyimwa viti. Mwezi huu mambo yamebadilika. Mvua haijadondosha hata tone, lakini mforosadi umechipua na wageni wa mbali wameanza kufika. Kwanza mbayuwayu. Kisha minana madume wakavaa manjano yao mapya. Na Jumanne, Kaka, akaja Bwana Satini.

Unamkumbuka? Kwezi wa Baba, mwenye mgongo wa zambarau unaong'aa na tumbo jeupe, yule ambaye Baba alisema ameshonewa suti ya kitambaa cha maharusi. Kila mwaka huja kwenu Aprili na kupotea Septemba, na hatukuwahi kujiuliza anakwenda wapi. Kumbe anakuja huku.

Mguuni ana uzi mweusi, ule wetu mnene wa vifungo vya makoti, na uzi una fundo moja. Nilisimamisha cherehani. Wewe unajua kama ninavyojua kwamba nyumbani kwetu uzi mweusi wenye fundo haufungwi ovyo. Baba akifiwa huufunga shingoni mwa cherehani, fundo moja kwa kila aliyekufa, na wateja wakiuona hawaleti nguo za harusi mpaka ukatwe. Sasa niambie kweli, kuna msiba huko?

Mdogo wako,
Emérite

Buyenzi, Bujumbura
14 Desemba 2008

Emérite, mdogo wangu,

Barua yako imefika ikinuka basi. Tumeisoma sebuleni, wote tukiwepo, na wote wazima. Mama anaomba dawa ya kuchua ya huko. Diane amefaulu mtihani na sasa hatuongei naye bila ruhusa.

Hakuna msiba. Nilimsomea Baba habari ya uzi, akavua miwani akasema, "Mimi ni fundi cherehani, si mganga. Ndege nitamkamatia wapi na magoti haya?" Halafu akauliza unashona kitambaa gani siku hizi. Kwezi wote wanafanana, na watoto wa mitaani hufunga ndege nyuzi kila mahali duniani. Usijitie hofu.

Nilipiga namba ya Alexis mara sita. Haipatikani nayo. Uliposema simu yenu imeibiwa sikuelewa kwamba mlikuwa na simu moja watu wawili. Huku tulisikia habari za vurugu za mwezi wa tano, wageni walivyofukuzwa na kuchomewa maduka, na tulimshukuru Mungu ulipoandika kwamba hamjambo.

Nisalimie Alexis. Mwambie shemeji yake anangoja hata mistari miwili.

Kaka yako,
Melchior

Bellevue
3 Oktoba 2010

Kaka Melchior,

Salamu kwa kila aliye chini ya paa lile, hata kuku. Mimi mzima, nimenenepa. Uongo, sijanenepa. Kombe la Dunia lilikuja na kuondoka, nikashona bendera mpaka vidole vikafa ganzi. Alexis bado yuko lindoni usiku. Anawasalimu.

Mwaka jana Bwana Satini alikuja na fundo lake lile moja nikakaa kimya, kwa kuwa ulishaniambia ni ndege mwingine. Mwaka huu amefika Jumapili iliyopita, saa tatu asubuhi. Minana walikuwa wanagombania mtama, wakatawanyika wote mara moja kana kwamba kuna paka. Hapakuwa na paka. Alitua yeye juu ya papai na kuendelea kula pale alipoachia mwezi wa tatu.

Ana mafundo mawili. Nilifungua dirisha nikahesabu kwa karibu. La kwanza limepauka. La pili bado ni jeusi ti.

Mwambie Baba aniandikie mwenyewe. Mistari mitatu inatosha, kwa zile herufi zake zilizolala kama mishono ya pindo. Nitaamini hapo.

Emérite

Buyenzi
20 Januari 2011

Mdogo wangu,

Tunashukuru kwa dawa ya Mama. Mvua zimezidi, mtaro wa mbele umefurika, na shule ninayofanyia ukarani imefungwa wiki nzima. Diane amechumbiwa na fundi redio, kijana mpole.

Baba hawezi kuandika. Macho yake yamefifia na daktari amemkataza kazi za karibu. Anakula vizuri. Anakusalimu sana.

Kuhusu ndege sina la kuongeza. Wewe ni mtu mzima na una kazi zako.

Nisalimie Alexis.

Melchior

Bellevue
30 Septemba 2012

Kaka,

Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu nimekasirika.

Septemba hii imekuja mapema kuliko kawaida. Forosadi zimeanza kuiva, uani pote pamejaa madoa, na mbayuwayu walifika kabla sijafua blanketi za baridi. Nimekuwa na wageni kumi na wawili wa aina mbalimbali kwenye sahani moja. Yule wa kumi na tatu amefika jana. Sasa ana mafundo matatu.

Uliniandikia kwamba Baba anakula vizuri. Baba hajawahi kula vizuri maishani mwake. Uliniandikia kwamba Diane amejifungua salama na amehamia kwa mumewe. Diane, ambaye hawezi kunyamaza hata akiwa na mate mdomoni, mwaka mzima hajaniandikia neno. Na wewe mwenyewe siku hizi unaandika kama unamwandikia mkaguzi wa shule.

Mimi si mtoto. Nakaa peke yangu na cherehani mchana kutwa na ninamwona huyu ndege ananitazama. Hali kama wanavyokula wengine. Anakula, anasimama, ananyoosha ule mguu mbele yangu. Niambie hao wawili ni nani.

Emérite

Buyenzi
12 Novemba 2012

Emérite,

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Kaa chini. Kama kuna mtu karibu, mwite.

Baba alituacha Mei 2010. Alikuwa anapiga pindo la suruali, akaegemea cherehani, mguu ukaendelea kukanyaga pedali kidogo halafu ukaacha. Diane alituacha Aprili mwaka huu akijifungua. Mtoto wa kike yupo, anaitwa Chloé, ana sauti ya mama yake.

Mimi ndiye niliyeamua usiambiwe. Mama alikataa, nikamshinda kwa maneno. Nilijua ukisikia utapanda basi, na mkimbizi anayerudi nyumbani ananyang'anywa ile karatasi yake ya ukimbizi. Nikasema tutamwambia akishapata makazi ya kudumu. Kila familia hapa mtaani inafanya hivyo kwa watu wake walio mbali, na nikajidanganya kwamba ni upole. Ulikuwa woga. Nisamehe.

Sasa na mimi niulize. Huyo ndege anakaa kwetu miezi mitano kila mwaka, juu ya ukuta ule ule. Niliona fundo la kwanza kwa macho yangu Aprili 2009, na wakati huo hatukuwa na msiba wowote. La pili niliona wiki ya kumzika Baba, la tatu wiki ya Diane. Hakuna mtu wa nyumba hii aliyemshika. Nilidhani ni wewe unayefunga huko, umejua kila kitu na unanikebehi.

Na umehesabu mafundo matatu, lakini umeniuliza habari za watu wawili. Yule mwingine unamjua. Ni nani?

Melchior

Bellevue
20 Januari 2013

Kaka yangu,

Nimewalilia Baba na Diane kwa miezi miwili. Nililia nikishona, gauni la mteja likapata madoa, nikalifua. Sina ugomvi na wewe. Mwenye haki ya kukasirika kwanza ni wewe.

Fundo la kwanza ni Alexis. Alikufa Mei 2008, katika zile vurugu ulizonitajia. Alikuwa na fungu lake kwenye spaza, duka dogo la mtaani, katika kitongoji kimoja, wenzake wakampigia kwamba watu wanavunja, akasema anakwenda kutoa friji tu. Nilimwambia friji si mtoto. Akacheka, akaenda. Tulimzika watu wanne. Octave alikuwa mmoja wao, na nilimwapisha pale pale kaburini kwamba huko nyumbani asifungue mdomo.

Simu haikuibiwa. Niliogopa mngesikia sauti yangu. Niliogopa mngeniita nyumbani na mimi sikuwa na nguvu ya kurudi mjane, Mama anitazame. Na nilipokuwa naandika "Alexis anawasalimu", Kaka, kwa muda wa mstari huo mmoja alikuwa hai kweli. Ndiyo maana nilikuwa siachi kuandika.

Wala mimi sijamfunga huyo ndege. Sijawahi kumgusa.

Tusifichane tena. Akifa hata paka, niambie.

Emérite

Buyenzi
28 Aprili 2013

Emérite, mdogo wangu,

Tumemlilia Alexis, tumechelewa miaka mitano. Wifi yako amepika, majirani wamekuja, na Mama amefunga fundo lake kwenye uzi wa cherehani, juu ya yale mawili. Sasa cherehani na ndege wana hesabu moja.

Mama alipokea wageni siku nzima. Jioni akasema, "Miaka minne barua zimeniletea salamu za maiti, na mimi nikazipokea nikajibu." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anashangaa tu.

Bwana Satini amerudi tangu tarehe 9. Nakubali ahadi yako. Sitakuficha tena lolote.

Melchior

Bellevue
6 Oktoba 2013

Kaka Melchior,

Salamu kwako, kwa wifi, kwa Mama, na kwa Chloé ambaye nimemshonea vigauni viwili, nitampa Octave nikimwona. Siku hizi hatuonani.

Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali kupita kiasi. Jumamosi ya tarehe 13 Julai nilishindwa, nikaingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga mlango na kuziba chini kwa matambara. Nilipoamka kichwa kilikuwa kizito sana, mkaa umekuwa majivu, na jua limeshafika kwenye cherehani. Tangu siku hiyo sijasikia baridi tena. Nimefurahi, maana blanketi zangu sizioni, nadhani kuna mtu amezianua kambani.

Wateja wamepungua. Juzi Bakiri, anayesimamia nyumba, aliingia bila kubisha akiwa na mtu, wakakitazama chumba. "Eish, hapa kitanda kinaingia na friji inaingia," Bakiri akamwambia. "Sharp," yule akajibu, yaani sawa, wakatoka. Hawakunisalimu. Watu wa mji huu wamekosa adabu, lakini hii ilizidi.

Ndege tu ndio wamebaki na adabu. Zamani nikinyoosha mkono kuweka mtama walikuwa wanaruka. Sasa wanakula mkono ukiwa ndani ya sahani. Tetere mmoja alipita kwenye vidole vyangu kana kwamba anapita juani.

Bwana Satini alifika tarehe 29. Kaka, ana mafundo manne. Nimehesabu mara nyingi. Mimi nipo. Tulikubaliana tusifichane, kwa hiyo sema upesi. Ni Mama?

Emérite

Buyenzi
8 Desemba 2013

Emérite,

Mama yupo. Mimi nipo, wifi yako yupo, Chloé amekaa miguuni pangu anachezea kifuniko cha kalamu hii. Tumejihesabu wote.

Nilipaswa kukuandikia mapema zaidi, maana fundo la nne niliona kabla yako. Lilikuwepo Jumapili ya tarehe 14 Julai, asubuhi, ndege akiwa ukutani. Siku iliyotangulia lilikuwa halipo. Siku hiyo hiyo Mama akaamka, akaenda kwenye cherehani ya Baba, akafunga fundo la nne bila kumwuliza mtu. Nikamkataza. Nikamwambia Emérite ataandika, utaona. Mwezi wa kumi na moja barua yako ikaja, nikamkimbilia nayo. Hakuishika. Akasema, "Barua? Alexis naye alikuwa anakuja kwenye barua."

Nimekosa. Tulizifundisha barua zetu uongo na sasa hakuna anayeziamini. Tafuta simu, piga, Mama asikie sauti yako. Au njoo. Najua karatasi yako itapotea, na najua mimi ndiye niliyekuwa nakuzuia miaka yote. Njoo akuone.

Octave safari hii hakukaa hata kunywa chai. Aliniachia furushi la vitenge nichukue barua mwenyewe kama kawaida, akasimama mlangoni akitazama viatu vyake.

Melchior

Bellevue
9 Februari 2014

Kaka yangu,

Mama anawezaje kufikiri hivyo? Niliposoma nililia, halafu nikagundua uso wangu ni mkavu.

Nimepiga simu. Nimepiga mara tatu kutoka kibanda cha simu cha Rockey Street. Inaita, wifi anapokea, nasema "Wifi, ni mimi," yeye anasema "Halo? Halo?", kisha anamwita Mama, na Mama anasikiliza muda mrefu na kukata. Mwulize kwa nini alikata. Na yule wa kibanda hakunigeukia hata mara moja.

Sitaki ugomvi. Nakuja. Karatasi yao na wabaki nayo. Nimechoka kukaa mahali ambapo nasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, na watu wananipita kama nguzo. Nataka Mama anitazame, anishike huu mkono, aukate ule uzi. Nataka kusikia sauti ya Diane kwa yule mtoto.

Siku hizi Bwana Satini haondoki kabisa. Anasimama juu ya gurudumu la cherehani, ndani, nami nimekaa. Forosadi zimekwisha, papai silioni tena sokoni, na sahani haiishi chakula hata nisipoweka. Atasafiri mwisho wa Machi kama kawaida yake. Nitaondoka naye siku hiyo. Mwekeeni papai ukutani, nami mniachie mlango.

Mdogo wako anayekuja,
Emérite

Buyenzi
27 Aprili 2014

Emérite, mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima yote. Wifi yako anakusalimu. Chloé ametimiza miaka miwili, na nimemwambia ana shangazi... nimekosea, ana mama mkubwa, mwenye ulimi mkali na mkono mzuri wa kushona.

Barua yako ya Februari niliitoa mwenyewe kwenye furushi la Octave mwezi huu. Nikaenda kwake pale alipofikia, nikamwuliza ulipanda basi lipi, maana mwezi ulikuwa unakwisha na hukuwa umefika. Nilimwonyesha mwandiko wako. Akaketi sakafuni.

Amesema walikukuta Jumatatu ya tarehe 15 Julai, mlango umefungwa kwa ndani, jiko la mkaa katikati ya chumba. Yeye na watu wa kanisa walikuzika, na kwa kuwa alijua mahali, walikuweka karibu na Alexis. Hakutuambia. Amesema Mama ni mzee, sisi tuko mbali, hatuna la kufanya, akaona atatuambia mwaka mwingine taratibu. Sikuweza kumfokea. Hayo ni maneno yangu mwenyewe, yale niliyosema juu ya Baba, na kunyamaza alifundishwa na wewe juu ya kaburi la mumeo. Tangu Julai hajabeba barua yako hata moja. Ile yangu ya Desemba aliitoa mfukoni mwa begi akanirudishia, gundi yake haijaguswa. Lakini wewe ulikuwa umeijibu yote.

Zile simu zilifika. Mama anasema alisikia ndege wengi wanakula mahali pamoja, na katikati yao mtu anavuta pumzi kama anayetaka kusema. Hakukata kwa hasira. Simu ilimponyoka.

Bwana Satini amefika tarehe 19, amekonda sana. Tulimwekea papai kama ulivyoagiza, na mlango ukaachwa wazi. Hakwenda ukutani. Aliingia ndani, akasimama kwenye gurudumu la cherehani ya Baba, akanyoosha mguu. Ni yale manne, hakuna la tano. Nilichukua mkasi wa Baba niukate ule uzi, wa ndege na wa cherehani pamoja, tumalize matanga. Mama akanishika mkono. Amesema matanga hayamalizwi kama kuna wa nyumbani ambaye hajaambiwa, na mmoja bado hajaambiwa.

Ndiyo maana nakuandikia, kwa anwani ile ile. Nimekuficha watu wawili, Emérite. Wewe mwenyewe sitakuficha. Ulikufa tarehe 13 Julai, usingizini, na inaonekana hukuumia. Usihangaike tena na basi wala na ile karatasi. Hakuna anayekukasirikia hapa. Mama amekulilia, nami nakulilia sasa hivi, mwandiko wangu unauona.

Kesho asubuhi nitachukua tena ule mkasi.

Nisalimie Alexis.

Kaka yako,
Melchior